Nyumba za Mawe za Lamu na Wanaozinunua

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za nyumba za kale za mji wa Lamu, kwa sababu nyingi zimekwisha kuuzwa, na nyingine zingali zikingoja mnunuzi. Wageni wa Ulaya na matajiri wa bara huzipenda sana, hata wale wasiopata kuingia ndani yake. Wameziona katika picha: ukuta mweupe, mlango wa nakshi, punda amesimama kivulini. Si vibaya kupenda kitu kwa picha yake. Walakini nyumba si picha, na mtu anunuaye asichokijua, kadhalika na auzaye asichokijua, wote wawili huingia hasarani. Basi tutaeleza jinsi nyumba hizi zilivyojengwa, jinsi watu walivyokaa ndani yake, na sababu ya kuuzwa kwake.

Lamu ni mji wa kisiwani, pwani ya kaskazini ya Kenya. Watu wamekaa hapo zaidi ya miaka 700 pasipo kuuhama, na mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Njia zake ni nyembamba, na mizigo mingi hupita juu ya migongo ya punda. Njia kubwa ya ndani huitwa Usita wa Mui. Kwa Kiamu usita ni njia, na mui ni mji. Upande wa kaskazini ni Mkomani, ndiko ziliko nyumba nyingi za mawe. Upande wa kusini ni Langoni, ambako zamani nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Nyumba kubwa za mawe tuzionazo leo zilijengwa hasa katika karne ya 18, wakati majahazi yalipokuwa yakileta mali kutoka Arabuni na Bara Hindi.

Tuanze na jiwe lenyewe. Waashi wa Lamu walitumia mawe ya matumbawe ya namna mbili. Namna ya kwanza huchimbwa nchi kavu, katika miamba iliyokuwa chini ya bahari zama za kale. Ni jiwe gumu lenye matundu, nalo ndilo la kujengea kuta. Namna ya pili hukatwa baharini lingali bichi; wakati huo ni laini, fundi hulichonga apendavyo, na likiisha kukauka huwa gumu. Hilo ndilo la miimo ya milango na la nakshi. Chokaa nayo asili yake ni matumbawe. Mawe hupangwa juu ya rundo kubwa la kuni, yakachomwa mpaka yakaiva, kisha yakatiwa maji, na chokaa ile ikaachwa miezi mingi kabla ya kutumiwa. Haraka haikuwamo katika kazi hiyo.

Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe na kumwagwa chokaa. Dari ya namna hii ni nzito sana. Boriti ya mkoko haiwezi kuubeba uzito huo ikiwa imevuka nafasi kubwa kuliko mita 2 na nusu hivi au kupita kidogo. Hii ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba. Mgeni hudhani kwamba mwenye nyumba alipenda vyumba vyembamba; kumbe mti ndio uliokata shauri. (Wanafunzi mnaotusikiliza, pimeni upana wa darasa lenu, mkafikiri ingetakiwa nguzo ngapi katikati kama dari lake lingekuwa la boriti na mawe.)

Sasa tuingie ndani. Mbele ya mlango pana daka, yaani kibaraza chenye paa, na pande zake mbili pana viti vya mawe. Hapo mwenye nyumba huketi na rafiki zake jioni. Mlango una mbao mbili, na katikati mfaa wenye nakshi. Ukivuka kizingiti huoni nyumba mara moja, kwa kuwa pana ukumbi mdogo uitwao tekani, na njia yapinda hapo ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Kisha watokea kiwandani, uwanja ulio wazi juu, uletao mwanga na hewa kwa nyumba nzima. Mgeni mwanamume hupewa sabule, chumba kilicho kando, asipate kuwaudhi wenyeji wala wao wasimwudhi. Mbele ya kiwanda hufuata misana, yaani vyumba virefu vilivyo wazi upande mmoja, kimoja nyuma ya kingine, na nyuma yake ni ndani. Kila uendapo mbele sakafu hupanda kidogo, na mwanga hupungua. Mwisho kabisa ni nyumba kuu, chumba cha siri kuliko vyote. Wazee husema kwamba hapo ndipo watoto walipozaliwa, na ndipo maiti walipooshwa.

Ukuta wa ndani ndio unaowashangaza wageni kuliko kitu chochote. Umejaa zidaka tokea juu hata chini, yaani vijishubaka vilivyochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za China, vitabu, na vitu vya thamani. Tena vivuli vya zidaka hukifanya chumba chembamba kionekane kuwa na kina kuliko kilivyo.

Twapenda kutaja jambo moja dogo ambalo matangazo ya kuuza nyumba hayalitaji, nalo kwetu ni zuri kuliko nakshi zote. Katika choo pana birika la maji, na katika birika walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika fundi alipachika bakuli la kauri, hata maji yanapotolewa ili birika lisuguliwe, samaki hubaki na maji yao katika bakuli. Mtu aliyefikiri hivyo hakuwa akipamba nyumba, alikuwa akiilinda afya ya watoto wake.

Jiko lilikuwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi uende zake. Na mahali pengine utaona chumba kimejengwa juu ya njia, kikiunganisha nyumba mbili za ndugu. Hicho ni wikio. Wanawake walipita humo kwenda kutembeleana pasipo kushuka njiani. Katika jamaa za wenye nyumba za mawe, baba alimpa binti yake nyumba au sehemu ya nyumba alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mabinti walipokuwa wengi, baba aliongeza orofa juu, au alivuka njia kwa wikio. Kwa hiyo nyumba ya Lamu haikuwa kitu kilichokwisha. Ilikua pamoja na ukoo.

Haifai kusifu jengo na kuficha mali iliyolijenga. Wenye nyumba hizi walikuwa na mashamba upande wa bara, na waliolima mashamba yale walikuwa watumwa. Utumwa ulipoondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi yakabaki pori. Kabla ya hapo reli ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ilikuwa imekwisha kuivuta biashara upande wa kusini. Nyumba zikabaki kubwa, na mifuko ya wenyewe ikawa midogo.

Mirathi nayo ina sehemu yake. Tuchukue mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, watoto wa kiume 2 na wa kike 3, na nyumba moja. Kwa sheria ya Kiislamu mke apata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Saba zilizobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Basi kila binti ana sehemu moja katika nane, na kila mwana ana mbili. Hesabu ni safi, lakini nyumba haigawanyiki kama unga. Binti mmoja akae ndani, mwingine ameolewa Mombasa, mwana mmoja yuko Arabuni kwa kazi. Wakifa hao, na kila mmoja akiacha watoto watano au sita, nyumba ile ina wenyewe zaidi ya ishirini. Dari likivuja, nani atoe fedha? Kila mmoja amngojea mwenziwe. Ndipo dalali apitapo akataja bei, na kwa mara ya kwanza ndugu wote hukubaliana neno moja.

Wazee waliliona jambo hili mapema, na wengine wao waliziweka nyumba zao wakfu kwa ajili ya vizazi vyao, zisiuzwe wala zisigawanywe. Ilikuwa busara, ila wakfu wazuia kuuzwa tu, hauzuii mvua.

Maana adui wa nyumba ya mawe ni maji. Dari lake ni la bapa, na halina budi kupakwa chokaa mara kwa mara. Ufa ukiachwa, maji hushuka ukutani, ncha za boriti huoza zilipoingia katika ukuta, na siku moja dari huanguka. Watu wengi, kwa nia njema, huziba ufa kwa saruji kwa kuwa ni rahisi na yakauka upesi. Hapo ndipo hupotea. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukivikwa saruji unyevu wafungwa ndani, chumvi yautafuna ukuta kwa siri, na baadaye saruji huanguka ikichukua plasta ya zamani pamoja na zidaka zake. Boriti nazo si kitu cha kuokota. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko nayo iliingia katika zuio hilo, na wakataji wa Lamu wakakaa bila kazi.

Je, wanunuzi wameleta hasara au faida? Sisi twaona wameleta vyote viwili, wala hatupendi kumnyima mtu haki yake. Ziko nyumba zilizokuwa magofu, punda wakilala kiwandani, ambazo leo zimesimama kwa fedha za mgeni. Kazi hiyo imewapa riziki waashi, wachonga milango na mafundi wa plasta, na vijana wamejifunza ufundi uliokaribia kufa. Lakini mgeni mwingi hukaa wiki chache kwa mwaka, na muda uliobaki mlango umefungwa. Mtaa wenye milango mingi iliyofungwa hauna wa kumpa jirani moto, wala watoto wa kwenda chuoni pamoja. Bei zimepanda hata kijana wa mjini, mjukuu wa watu waliojenga, hawezi kununua alipozaliwa babu yake. Huhamia mitaa mipya ya pembeni. Tena wako wanaoongeza orofa ya kupunga upepo na kutazama bahari. Atazamaye bahari kutoka juu atazama pia kiwanda cha jirani, na kiwanda ndiko wanawake wanakokaa bila buibui. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi kwa risiti ya ununuzi.

Sheria nazo zipo. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Aweza kuipanga kwa muda usiozidi miaka 99. Na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yailinda mijengo ya kale, wala mtu hapaswi kubomoa au kubadili nyumba iliyolindwa kwa kuwa tu ameilipia.

Kwa jamaa wanaofikiri kuuza, iko njia ya katikati ambayo twaona yafaa ifikiriwe kwanza. Mwenye fedha hupewa nyumba akae miaka kadhaa, na badala ya kulipa kodi aitengeneze kwa chokaa na boriti. Miaka ikiisha nyumba yarudi kwa wenyewe ikiwa nzima. Yataka hati iliyoandikwa vizuri mbele ya wakili, ikitaja kazi zote moja moja, na yataka ndugu wote watie sahihi, hata yule wa Arabuni. Na mwenye kutaka kununua kabisa, kabla hajatazama mlango wala zidaka, na apande juu pamoja na mwashi mzee wa mjini, kabla ya masika, akague dari. Kisha ashuke chini, atazame ncha za boriti zinapoingia ukutani; zikiwa nyeusi na laini kwa kisu, bei aliyotajiwa ni nusu tu ya gharama yake.

Msikilizaji atakayefika Lamu asiye na nia ya kununua wala kuuza aweza kuyaona haya yote. Makumbusho ya Taifa yameitengeneza nyumba moja ya karne ya 18 katikati ya mji, na mtu hulipa kiingilio akaingia. Ndani hupata mchukuzi wa habari wa kumweleza kila chumba. Amwombe amwonyeshe birika.