Ubuntu ya Katumba

Wanaoisifu Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta, husema inafufua kompyuta kuukuu. Ni kweli, na sifa hizo zimekuja wakati wake: Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani haziruhusiwi kupanda toleo la 11.

Mint imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo uliozinduliwa mwaka 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hapa Katumba, makazi yaliyowapokea waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, jina la Ubuntu halihitaji mkalimani. Kwa Kirundi, ubuntu ni ukarimu, na kitu cha "ku buntu" ni cha bure. Mfumo ni wa bure kweli. Bando ndilo si la bure, maana faili lenyewe la Mint ni kama jigabaiti tatu. Basi mmoja apakue, wengine wapokezane flashi.

Ila wasifiaji hawashindi steshenari. Mteja analeta barua ya kazi aliyoiandika kwa Word. Ukiifungua kwa LibreOffice ya Mint, jedwali linahama, sahihi inaangukia ukurasa wa pili, na foleni inaanza kuguna. Printa nayo yaweza kugoma. Kwa upande mwingine, virusi vile vya flashi vinavyoficha mafolda ya watu, vilivyotengenezewa Windows, kwenye Mint havina pa kushika. Mimi ningeanza na kompyuta moja, ile ya kuchapia tu, nyingine ibaki ilivyo mpaka printa ikubali.