Baada ya Kukabidhi Ofisi: Imani na Nafsi ya Kiongozi Mstaafu, Njombe na Makambako



Sherehe ya kumuaga kiongozi wa kanisa katika Mkoa wa Njombe haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekulia huku. Turubai hufungwa tangu jana yake, kwaya tatu au nne hugombea nafasi kwenye ratiba, risala husomwa, na zawadi hupangwa mbele ya meza kuu: mablanketi, maana Julai ya Njombe haina huruma, vitenge vya mama, mbuzi, bahasha. Baadaye, watu wakiwa wameshaanza kula, hufanyika makabidhiano yenyewe, na hayo hayapigwi picha nyingi. Funguo, mhuri, daftari la mali, kadi ya gari, vitabu vya benki. Mmoja anasaini penye neno "aliyekabidhi", mwenzake penye "aliyekabidhiwa". Kufikia Jumatatu simu inalia mara chache sana.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba makanisa ya Nyanda za Juu Kusini yanajua vizuri kumsimika mtu, lakini historia haikuyapa nafasi ya kuona namna kiongozi anavyoshuka na kubaki palepale, katika kanisa lilelile, chini ya mtu aliyekuwa msaidizi wake. Waliowatangulia viongozi wa leo walishuka wakaondoka.

Wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na kabla ya karne kugeuka walikuwa wameshafika Ubena, ambako vituo kama Kidugala na Lupembe vikawa mama wa sharika nyingi za Kilutheri za leo. Hawakustaafu. Vita Kuu ya Kwanza iliwang'oa, wakawekwa kizuizini kisha wakarudishwa kwao, na vituo vikabaki mikononi mwa walimu na wazee wa kanisa, huku wamisionari wa Kiskoti kutoka Nyasaland wakija kuwaangalia. Wajerumani wakarejea katika miaka ya 1920. Mwaka 1939 vita nyingine ikawaondoa tena. Kwa muumini wa Kidugala wa zama hizo, kiongozi kuachia nafasi kulimaanisha askari kuja na mtu kusafirishwa.

Upande wa Waanglikana hali ilikuwa ya amani zaidi, lakini mwisho wake haukutofautiana sana. Dayosisi ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Njombe, ilianza mwaka 1952 chini ya Leslie Stradling, aliyetoka Masasi. Mwaka 1961 akahamia Johannesburg. Akaja John Poole-Hughes, mtu wa Wales, akaongoza tangu 1962 hadi 1974, kisha akarudi kwao akawa Askofu wa Llandaff. Kule Masasi, Trevor Huddleston, yule aliyepambana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliachia kiti mwaka 1968 kwa sababu aliamini nafasi ile sasa ni ya Mwafrika. Akaenda London kuwa Askofu wa Stepney. Bukoba nako, Bengt Sundkler, msomi wa Uswidi, alikaa kwenye uaskofu tangu 1961 hadi 1964 tu, akamwachia Josiah Kibira na kurudi Uppsala kufundisha na kuandika.

Hawa walikuwa watu waungwana, na kuachia kwao kulikuwa tendo la imani lisilo na mawaa. Ila walikuwa na kwa kwenda. Huddleston hakulazimika kukaa Masasi akisikiliza uamuzi wake ukitenguliwa kwenye mkutano wa Halmashauri Kuu. Sundkler hakukutana na Kibira sokoni kila Jumamosi. Anayestaafu Njombe mjini leo anakaa kata ya Ramadhani au Mjimwema, kanisa analiona kutoka barazani, na mrithi wake ni kijana aliyembatiza yeye mwenyewe.

Ndiyo maana wa kuangaliwa kwa makini ni wale waliobaki. Jimbo Katoliki la Njombe liliongozwa na Askofu Raymond Mwanyika tangu 1971 hadi 2002, zaidi ya miaka 30, muda unaotosha mtoto kubatizwa, kupata kipaimara, kuoa na kumpeleka mtoto wake kwa askofu yuleyule. Alipostaafu akawa askofu asiye na jimbo, ndani ya jimbo alilolijenga. Aliyemfuata, Alfred Maluma, hakuipata nafasi hiyo: alifariki Aprili 2021 akiwa bado madarakani. Kwa hiyo waumini wa jimbo hilo wana kumbukumbu mbili tofauti za jinsi uongozi unavyokwisha, na ni ya pili, ya msiba, ambayo jamii inajua zaidi la kufanya nayo. Msiba una kamati. Ustaafu hauna.

Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka askofu atoe barua ya kuomba kung'atuka anapofikisha miaka 75, utaratibu ulioletwa na Papa Paulo VI mwaka 1966. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu, na kumhimiza, aombe mapema akiona afya au sababu nyingine nzito inamzuia. Mwaka 2013 Norbert Mtega, Askofu Mkuu wa Songea, aliachia akiwa bado na miaka kadhaa mbele yake kabla ya umri huo. Ni mwaka huohuo Papa Benedikto XVI alipowashtua makardinali mwezi Februari kwa tangazo la Kilatini. Hakuna papa aliyekuwa amejiuzulu tangu Gregori XII mwaka 1415. Benedikto akaendelea kuishi ndani ya kuta za Vatikani, akivaa nyeupe, hadi alipofariki tarehe 31 Desemba 2022. Wapo waliosema nyeupe ile ilikuwa kosa, kwamba ilifanya watu waone mapapa wawili. Wenye maoni hayo wangeelewana vizuri na makatibu wa sharika zetu, ambao hawajui mchungaji mstaafu akija ibadani na kola yake akae wapi.

Kola ina maana tofauti kwa kila madhehebu, na tofauti hiyo ina uzito. Mkatoliki anaamini kwamba daraja takatifu halifutiki: askofu aliyestaafu bado ni askofu, anachokosa ni jimbo. Mlutheri anasimama mahali pengine. Luther alifundisha ukuhani wa waamini wote, na kwamba fundi viatu na mkulima wana wito mbele za Mungu sawa na mhubiri. Uchungaji ni utumishi, na haumpandishi mtu kuwa Mkristo wa daraja la juu. Kwa mantiki hiyo, mchungaji wa Kilutheri anayerudi Lupembe kuhudumia shamba lake la chai hajashuka popote. Theolojia ni safi. Mazoea ni mengine kabisa, kwa sababu katika sharika nyingi za hapa mchungaji hupewa heshima ambayo Luther angeipinga kwa maneno makali, na mwenye kuzoeshwa heshima kwa miaka 30 hawezi kuambiwa kwa barua moja kwamba haikuwa ya lazima.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina mfano wake mzuri, na haupo chuoni, upo kwenye katiba. Mkuu wa Kanisa huchaguliwa kwa miaka minne, na anaweza kurudia mara moja mfululizo. Akimaliza hubaki askofu wa dayosisi yake. Alex Malasusa aliongoza tangu 2007 hadi 2015, akampisha Fredrick Shoo, na kwa miaka minane akawa mmoja wa maaskofu wanaoketi kwenye vikao vinavyoongozwa na mwenzake. Agosti 2023 Mkutano Mkuu ukamchagua tena. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu kurudi huko; kinachopaswa kutazamwa ni miaka minane ya katikati. Kukaa kwenye kikao ulichokuwa ukikiongoza, kuomba nafasi ya kuzungumza kwa kunyoosha mkono, kushindwa kwa kura na kwenda kula chakula cha mchana na waliokushinda: hiyo ni nidhamu ya kiroho ambayo semina nyingi za uongozi hazina somo lake.

Pale nidhamu hiyo inapokosekana, matokeo yanajulikana. Mgogoro wa Dayosisi ya Konde, jirani zetu, uliofikia kilele mwaka 2022 juu ya makao makuu na uongozi, uliwagawa waumini waliokuwa wakimega mkate mmoja.

Hata hivyo mkoa huu unapozungumzia kung'atuka, mara nyingi jina la kwanza kutajwa ni la mwanasiasa. Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, aliingia Bungeni mwaka 1975, akawa Naibu Spika mwaka 2005 na mwaka 2010 mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Mwaka 2015 hakugombea tena. Miaka saba baadaye nchi ilimwona kama Kamisaa wa Sensa ya 2022, akizunguka mikoani kuwaambia watu wajiandae kuhesabiwa. Kutoka kwenye kiti ambacho wabunge wote huinamia wakiingia, hadi kumsihi mwenye kaya asimfungie mlango karani. Imani yake ni jambo lake, na mhadhara huu hauiingilii. Anatajwa kwa sababu ameonyesha hadharani kwamba kazi ya pili inaweza kuwa na cheo kidogo kuliko ya kwanza bila mtu kupungua.

Mwalimu Nyerere ni habari ndefu zaidi, na si nyepesi kama inavyosimuliwa. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Mwaka 1985 akaachia urais. Lakini uenyekiti wa CCM aliushika hadi 1990, na Rais Mwinyi alilazimika kutawala kwa miaka mitano huku mtangulizi wake akiwa mkuu wa chama. Huko si kushuka kamili. Kinachomfanya afae kwa mada hii ni alichokifanya baadaye kwa kalamu: aliketi akazigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zilizochapwa mwaka 1996 na wamonaki Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho. Mtu aliyekuwa akihutubia mataifa akawa anahesabu mizani. Jimbo la Musoma lilipofungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, wengi walizungumzia siasa zake. Tenzi zile zinastahili kusomwa pembeni ya jalada hilo.

Makambako kuna swali la aina nyingine. Mji huu umekua kwenye njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inakutana hapo na ile ya Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA inapita. Wafanyabiashara wa Kikinga, madereva wa malori, wanunuzi wa mahindi na mbao wamekuja na makanisa yao, na pembeni ya madhehebu ya zamani zimeota huduma nyingi za kujitegemea. Katika huduma ya namna hiyo mwanzilishi mara nyingi ndiye aliyenunua kiwanja, spika na viti vya plastiki. Hati ina jina lake. Hakuna katiba inayomwambia lini amalize, na wala waumini hawana ujasiri wa kuuliza, kwa kuwa yeye ndiye "baba". Akizeeka, mrithi ni mkewe au mwanawe, au kanisa linapasuka. Hapo mtu na huduma vimekuwa kitu kimoja kisheria, sembuse moyoni. Anayetaka kumfundisha unyenyekevu aanze na ofisi ya ardhi.

Kwa Wakatoliki ipo nafasi iliyo tayari, nayo ni jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Nyumba ya jirani, jamvi na mabenchi ya kuazima, Injili inasomwa, kisha kila mmoja anasema neno lilivyomgusa, akiwemo bibi asiyejua kusoma. Mwenyekiti wa parokia aliyemaliza muda wake anakuja pale kama mwanakaya. Atapewa zamu ya kusoma, atachangia rambirambi ya kiwango sawa na wengine, atatumwa kumtembelea mgonjwa. Walutheri wana nyumba kwa nyumba na vikundi vya mitaa vinavyofanana na hivyo, na mara nyingi wastaafu wao hawaonekani humo. Wanangoja waalikwe kuhubiri.

Mkoani Njombe wastaafu wengi wana kinga moja ambayo wenzao wa mijini hawana: shamba. Parachichi, mipaini, milingoti. Upande huo mtu hasumbuki sana kujua yeye ni nani. Anayesumbuka zaidi ni mke wa mchungaji. Yeye hakusimikwa, kwa hiyo hakuagwa ila kwa kitenge. Ameitwa Mama Mchungaji kwa miaka mingi kiasi kwamba jina lake la ubatizo linajulikana na ndugu zake tu. Ameongoza umoja wa wanawake, amepokea wageni usiku, amelima bustani ya nyumba ya usharika ambayo sasa anaikabidhi pamoja na mboga zilizomo. Mumewe ana pensheni, hata kama ni ndogo, na ana neno "mstaafu" baada ya cheo chake. Katika daftari la makabidhiano hakuna mstari wa mama huyu kusaini, na Jumapili ya kwanza katika usharika mpya mhasibu atamwandikia kadi ya ahadi kama mgeni aliyehamia.