KELELE ZA EKZOSI: NI KINGA AU NI HIRIZI MPYA?

(Muhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Shukrani zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na wote walioufuata mwenendo wake kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Huenda wako watakaostaajabu kusikia habari za pikipiki zikitajwa mahali hapa. Lakini tazameni safu zetu za nyuma. Wengi waliomo ni vijana wanaotafuta riziki ya halali kwa bodaboda, na baadhi yao nimewasomesha mimi mwenyewe Juzuu Amma. Dini iliyotufundisha adabu ya kuingia chooni haiwezi kunyamaza juu ya jambo linalochukua roho za watoto wetu.

Mmoja wa vijana hao alikwenda kwa fundi akalikata bomba la moshi la pikipiki yake, lile tunaloliita ekzosi, akakitoa kile kizuia sauti kilichomo ndani. Tangu hapo, akichelewa Swala ya Isha, sisi sote hujua kuwa amefika, na kisomo cha imamu hupotea. Nilimwita nikiwa nimejiandaa kumkumbusha haki za jirani. Akanijibu kwa heshima: “Ustadh, wenye magari hawatuoni. Basi bora watusikie. Mlio huu ndio unaoniweka hai.” Mwezi uliotangulia kijana huyo alikuwa amebeba jeneza la mwenzake wa kijiweni.

Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwomba anipe muda. Haya nitakayoyasema leo ndiyo jibu langu kwake, na kwa wote wenye dhana kama yake.

KHOFU YAO NI YA KWELI

Kwanza, tuwe waadilifu. Kijana huyu hakusema upuuzi, kwani ni kweli kwamba wenye magari hawawaoni wenye pikipiki. Mwaka 1981 ulitolewa utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, baada ya kuchunguzwa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Ilidhihirika kwamba katika ajali zilizohusisha gari na pikipiki, takriban theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa gari aliyemnyima mwenye pikipiki haki yake ya njia. Mara nyingi dereva huyo hakumwona kabisa, au alimwona wakati umekwisha kupita.

Kwa hiyo suala letu si kama hatari ipo. Hatari ipo. Suala ni hili: je, kelele zinaiondoa?

MLIO UNAELEKEA WAPI?

Tafakarini jinsi ajali inavyotokea. Kijana anakwenda moja kwa moja. Mbele yake liko gari linalomjia, nalo linakata kulia kuingia mtaa wa pili, au liko gari linalochomoza kutoka njia ya kando. Utafiti ule wa Los Angeles ulionesha kuwa hatari kubwa hutoka mbele ya mwendeshaji. Utafiti mwingine wa ajali 921 katika nchi tano za Ulaya, uliofanywa miaka ya 1999 na 2000, ulifikia natija hiyo hiyo: takriban mara tisa katika kila kumi, hatari ilikuwa mbele.

Sasa tazameni mdomo wa ekzosi. Unaelekea nyuma. Sehemu kubwa ya mlio ule inatupwa kwa watu ambao pikipiki imekwisha wapita: mgonjwa aliyelala, mtoto mchanga, mwenye kuswali. Yule dereva aliye mbele, ambaye ndiye tunayemwogopa, amefunga vioo, amefungua redio, na injini ya gari lake inanguruma. Hata akiusikia mlio, sauti inayogonga kuta za maduka na kurudi haimwambii pikipiki iko upande gani wala iko umbali gani. Na katika barabara yenye pikipiki ishirini zenye mlio mmoja, atajuaje ni ipi inayomjia?

Sikatai kwamba mara chache, katika msongamano wa mwendo wa polepole, mlio unaweza kumzindua mtu aliye karibu. Lakini kwa haja hiyo imewekwa honi. Honi inaelekea mbele, hupigwa wakati wa haja, kisha hunyamaza.

Na liko jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mwenye kelele hujiziba masikio yeye mwenyewe. Hasikii honi ya lori lililo nyuma yake, wala king'ora cha gari la wagonjwa, wala ukelele wa mama anayemwita mtoto wake atoke barabarani. Aidha, masikio yake yanaangamia polepole. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini imeweka kiwango cha desibeli 85 kwa saa nane za kazi, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu, hata katika desibeli 94 ikabaki saa moja tu. Bodaboda anakaa juu ya mlio ule kuanzia Alfajiri mpaka usiku.

KINGA ISIYOTHIBITI

Ndugu Waislamu, sisi ni watu tuliosimama miaka mingi kuwakataza wenzetu kufunga hirizi. Ulamaa wa Tawhid wametufundisha kwamba kitu hakihesabiwi kuwa ni sababu ila kwa njia moja kati ya mbili: ama sheria imekithibitisha, ama uzoefu ulio wazi umekithibitisha, kama inavyothibiti dawa kwa maradhi. Kisichothibiti kwa njia yoyote kati ya hizo ni dhana, na dhana haimtoshelezi mtu mbele ya haki.

Sisemi kwamba ekzosi iliyokatwa ni shirki. Allah aniepushe na kuihukumu kwa wasiyoyasema wanasheria. Ninachosema ni kwamba kijana wetu, ambaye hawezi kukubali kufungwa kitambaa mkononi, amejifungia mlio kwenye pikipiki yake, kisha moyo wake umetulia. Ubaya wa kinga isiyo ya kweli ni huu: humtuliza mwenye nayo akaacha ile iliyo ya kweli. Anaingia njia panda kwa kasi kwa kuwa “wamenisikia”. Kofia ngumu imening'inia kwenye usukani. Taa ya mbele imekufa tangu mwaka jana, naye pesa za taa amempa fundi wa kukata ekzosi.

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na bedui juu ya ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ndipo amtegemee Allah. Basi kamba ya kweli ya kumfungia ngamia huyu wa chuma ni ipi?

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Auckland, New Zealand, uliolinganisha waendesha pikipiki waliopata ajali na wasiopata. Waliovaa mavazi yanayong'aa au kuakisi mwanga, hatari yao ya kuumia ilikuwa pungufu kwa asilimia 37. Waliowasha taa ya mbele mchana, asilimia 27. Waliovaa kofia nyeupe badala ya nyeusi, asilimia 24. Na wataalamu waliokusanya tafiti nyingi juu ya kofia ngumu walieleza mwaka 2008 kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hizi ndizo sababu zilizothibiti kwa uzoefu. Ikiwa tatizo ni kutoonekana, dawa yake ni kuonekana.

MADHARA YALIYOTHIBITI

Upande wa pili, madhara ya kelele hayana shaka. Mtume (s.a.w.) ameapa kwamba hana imani ya kweli yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Na mafakihi wameweka kanuni kwamba madhara hayaondoshwi kwa madhara mfano wake. Vipi basi madhara yenye yakini juu ya jirani yatahalalishwa kwa manufaa yenye shaka?

Katika Surat Luqman, aya ya 19, tunasimuliwa wasia wa baba kwa mwanawe: awe na mwendo wa kadiri na ateremshe sauti yake. Angalieni jinsi mambo hayo mawili yalivyokuja pamoja, mwendo na sauti. Ni kana kwamba kijana wa bodaboda ndiye anayeusiwa.

Hata sheria za nchi zimeligusa jambo hili. Tanzania ilitunga mwaka 2015 kanuni za mazingira zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo.

Nasi tusijisahau. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, akafunua pazia akawakataza kuudhiana kwa visomo vyao. Ikiwa kisomo cha Qur'ani kina mpaka wake, basi tutazame na vipaza sauti vyetu vya nje baada ya adhana kwisha, kabla hatujamnyooshea kidole kijana mwenye ekzosi.

NINI KIFANYIKE?

Nanyi abiria mna sehemu yenu. Ni sisi tunaomwambia “kimbiza, nimechelewa”. Ni sisi tunaopanda watatu kama mishkaki, tukaikataa kofia kwa kuchelea kuharibu kilemba au mtandio. Anayemharakisha mwenzake kwenye maangamizi hatoki mikono mitupu.

Kijana wangu nilimweleza yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Ustadh, nimefahamu. Lakini ekzosi nzima, kofia na kizibao ni pesa ya siku nyingi, na pikipiki yenyewe nailetea hesabu kwa tajiri kila jioni.” Hilo nalo ni jibu la kweli.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunapokusanya sanda na pesa za mchanga kila kijana anapofariki, kwa nini tusikusanye kofia akiwa hai? Baada ya Isha litawekwa sanduku mlangoni. Kila kijana wa msikiti huu atakayerudisha kizuia sauti cha pikipiki yake atapewa kofia nyeupe na kizibao kinachong'aa, na taa yake itatengenezwa. Tutaanza na wachache kwa kadiri atakavyoturuzuku Allah. Wenye pikipiki walizowakabidhi vijana, nao tunawaomba wasamehe hesabu ya siku moja kwa ajili ya matengenezo hayo.

Tunamuomba Allah (s.w.) awahifadhi vijana wetu barabarani, awape riziki yenye baraka, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wenye kusikia maneno na kufuata yaliyo mema zaidi. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.