Tuta na Mahali Pake

Msikilizaji, gari likishuka kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 30, umbali linaokwenda baada ya breki kukanyagwa hubaki theluthi moja na ushee tu. Hapo ndipo mtoto wa shule anaponusurika.

Tuta ndilo linalopunguza mwendo huo, nalo lina vipimo vyake. Lile la mviringo la mitaa ya mjini huwa na upana wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10: aendaye polepole hulipita taratibu, aendaye kasi hurushwa. Lile fupi lenye ncha, wananchi wanalojenga kwa uchungu baada ya ajali, humwangusha bodaboda. Uchungu wao ni wa haki. Tuta lao ni hatari.

Barabara kuu ni habari nyingine. Dereva aonyeshwe alama mapema, kisha rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana, zimtikise, ndipo akifikie kivuko.

Dar es Salaam, shirika la Amend limejenga matuta, vivuko na njia za miguu kando ya shule za msingi.

Shuleni kwenu je? Ulizeni kwenye mkutano wa mtaa. Barabara za mitaa ni za wakala wa TARURA, barabara kuu za wakala wa TANROADS.