Mwalimu ni Mmoja, Darasani na Nyumbani

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya haki na amani. Pengine wengi wenu mnatazamia niseme juu ya rushwa, uchaguzi, au migogoro ya mashamba. Hayo ni mambo mazito, wala hatuyaachi. Lakini leo napenda tuingie mahali ambapo karibu sisi sote tumepita, na ambapo watoto wetu hushinda siku tano katika kila juma, yaani darasa la shule ya msingi. Kisha, kengele ya mwisho ikilia, tumfuate mwalimu mpaka nyumbani kwake. Maana mwalimu ni mtu mmoja, si wawili; na haki anayotendewa au anayonyimwa nyumbani haikosi kuonekana kesho yake mbele ya watoto.

1. Jina la heshima

Katika nchi yetu jina "mwalimu" lina uzito. Rais wetu wa kwanza, Julius Nyerere, alifundisha Tabora na baadaye Pugu. Mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha akashika siasa, lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu hata alipofariki mwaka 1999, na hata leo. Katika parokia zetu nako, katekista huitwa mwalimu, kwa sababu nyakati za misioni mtu yule yule alifundisha herufi siku za juma na kuongoza sala siku ya Dominika.

Lakini heshima ya jina haijazi chungu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yalifurika. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa hatua ya haki kwa mtoto wa maskini, nasi hatuna budi kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Hata hivyo, kila mara mzigo wake ulitua kwanza juu ya bega la mwalimu.

2. Darasani

Namfahamu mwalimu mmoja, Mkristo wa jumuiya, mama wa watoto wanne. Ameniruhusu niyasimulie haya bila kulitaja jina lake wala shule yake. Tumwite Mama Mwalimu, kama majirani wanavyomwita. Siku moja nilikwenda shuleni kwake kufundisha kipindi cha dini, nikafika kabla ya saa yangu, nikaketi nyuma ya darasa lake la kwanza.

Watoto walizidi mia moja. Kiwango kinachokubalika na Serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Wengine walibanana wanne katika dawati moja, na waliobaki waliketi sakafuni. Siku hiyo walijifunza silabi za herufi b. Mama Mwalimu hakuanza na ubao. Aliwaimbisha kwanza maneno baba, babu, bibi, akipiga makofi kwa kila silabi. Kisha akawaambia wainue kidole na kuandika hewani, naye akawageuzia mgongo ili mkono wake na mikono yao ielekee upande mmoja. Ndipo akawagawa. Kundi moja likatoka nje kuandika mchangani kwa vijiti, kundi la pili likabaki na vizibo vya soda alivyoviokota yeye mwenyewe kwa ajili ya kuhesabia, na kundi la tatu likaandika daftarini. Akapita dawati kwa dawati akisahihisha.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Akimpa kila mtoto nusu dakika tu, watoto mia moja watamaliza dakika hamsini. Kipindi chenyewe ni dakika thelathini.

Mtoto mmoja alisinzia. Mama Mwalimu alimwinamia akamwuliza kwa sauti ndogo kama amekula. Hakuwa amekula tangu jana yake. Baadaye aliniambia: "Baba Paroko, mtoto mwenye njaa haoni tofauti ya b na d."

Msidhani kwamba namsimulia malaika. Yeye mwenyewe amekiri kwamba zipo siku alizotoka nyumbani na ugomvi au na deni, na siku hizo fimbo ilikuwa nyepesi mkononi mwake. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kwamba adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu, au na mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu. Hasira haiandikwi katika kitabu. Hutoka nyumbani kwa mtu mzima ikatua mgongoni mwa mtoto wa mtu mwingine, ambaye hajui amekosa nini.

3. Nyumbani

Mama Mwalimu huamka saa kumi na moja alfajiri. Huchota maji, huwasha moto, hukaanga maandazi atakayoyauza saa ya mapumziko. Mumewe ni seremala, na kazi ya seremala leo ipo, kesho haipo. Jioni kuna kuni, kuna chakula cha usiku, kuna mama mkwe mgonjwa anayehitaji kuogeshwa. Vyombo vikiisha kuoshwa, meza ile ile ya kulia huwa meza ya kusahihishia. Hapo huandaa pia andalio la somo la kesho.

Usiku mmoja binti yake wa darasa la tatu alimjia na daftari. "Mama, nisaidie hesabu." Akajibiwa, "Subiri kidogo, mwanangu." Mtoto akasubiri mpaka akalala juu ya daftari lake. Mwalimu wa watoto zaidi ya mia alikosa dakika kumi kwa ajili ya mtoto wake mmoja.

Usiku uliofuata mumewe aliliona jambo hilo. Yeye aliishia darasa la saba na alikuwa akisema siku zote kwamba mambo ya shule ni ya mama. Lakini aliinuka, akaleta vipande vya mbao kutoka karakana yake, akamwonyesha binti yake jinsi kumi na mbili inavyogawanyika kwa tatu, na kwa nne. Mtoto akaelewa. Akina baba mliopo hapa, tafakarini juu ya nyumba ya Nazareti: huko nako malezi yalipita katika mikono ya seremala.

Shida nyingine ya nyumba hiyo haikuonekana kwa macho. Mtoto wao mkubwa alipougua, walikopa kwa mtu binafsi kwa riba kubwa, naye mkopeshaji akashika kadi ya benki ya Mama Mwalimu kuwa dhamana. Tangu hapo, mwisho wa mwezi, mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenda benki. Mwalimu hupewa kinachobaki.

4. Mtoto wa dirishani

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kutoa mada hii. Mama Mwalimu hufundisha pia hesabu katika darasa la nne. Deni lilipombana, alianza kufundisha masomo ya ziada jioni kwa malipo. Aliyeleta fedha aliingia, na asiyeleta alikwenda nyumbani. Wengi walikwenda. Mvulana mmoja hakwenda. Alisimama nje ya dirisha, akaegemeza daftari ukutani, akanakili hesabu zilizokuwa ubaoni.

Mwalimu alimwona siku ya kwanza akanyamaza. Alimwona siku ya pili akanyamaza. Juma la tatu hakuweza tena kulala. Alinijia, nami nilitazamia kusikia kwamba alimhurumia yule mtoto. Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa jingine. "Baba," aliniambia, "somo ninaloliuza jioni ni lile lile ninaloliharakisha asubuhi."

Ndugu zangu, hapo ndipo dhuluma ilipojificha. Kupokea malipo kwa kazi ya ziada iliyokubaliwa kwa haki si dhambi. Lakini kumnyima mtoto asubuhi kile alicho na haki nacho, ili umwuzie jioni, ni kumdhulumu. Na anayedhulumiwa kwanza ni maskini, maana hana cha kununulia haki yake.

Nikaanza kumweleza maneno hayo. Alinisikiliza kwa unyenyekevu, kisha akaniuliza swali moja: "Baba Paroko, mwalimu wa chekechea ya parokia hajalipwa miezi mitatu. Naye afanye nini?"

Nilinyamaza. Ilikuwa kweli. Miezi hiyo mitatu tulikuwa tukinunua vigae vya kanisa. Mimi niliyekuwa nikimfundisha juu ya haki ya mtoto, nilikuwa nimezuia ujira wa mwalimu wa watoto, tena kwa jina la nyumba ya Mungu. Yoshua bin Sira anamfananisha anayemnyima kibarua ujira wake na mwuaji, naye Mtakatifu Yakobo anafundisha kwamba mshahara uliozuiliwa hupaza kilio, na kilio hicho kinamfikia Bwana. Nilikuwa nimeyahubiri masomo hayo mara nyingi, nikidhani yanawahusu matajiri wenye mashamba.

Basi, kila mmoja wetu alifanya lililokuwa juu yake. Halmashauri ya parokia ilikubali vigae visubiri, na deni la mwalimu wa chekechea likalipwa kwa awamu. Mama Mwalimu alirudi kufundisha hesabu zote asubuhi, kwa ukamilifu, na jioni mlango haukufungwa tena kwa asiye na fedha. Wazazi wachache wenye uwezo wanaendelea kumpa chochote kwa hiari yao. Mapato yake yamepungua. Sitawadanganya kwamba Mungu alimrudishia maradufu juma lililofuata. Deni bado lipo, na nyumba ile ingali inabana matumizi. Lakini anasema analala. Na yule mvulana ameketi ndani, dawati la pili kutoka mbele.

5. Haki inadai nini?

Haki inadai kitu kwa kila upande.

Kwa mwalimu: Watoto waliokabidhiwa kwake si soko lake. Kipindi cha asubuhi ni mali ya mtoto. Mwalimu asipokitumia amechukua kisicho chake, hata kama hakuna aliyemwona. Na uchungu wa nyumbani usimfikie mtoto kwa njia ya fimbo wala matusi.

Kwa wazazi: Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lao juu ya elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, walifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Ada ikiondolewa, wajibu hauondolewi. Mpango ulioanza mwaka 2016 ulitenga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Mzazi mwenye akili ataona mwenyewe kwamba fedha hiyo haiwezi kumlisha mtoto uji, wala kumwuliza jioni amejifunza nini.

Kwa Serikali: Tangu mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha kwamba mshahara hauwi wa haki kwa sababu tu mfanyakazi ameukubali, lazima umtoshe kuishi kama mtu. Kuongeza watoto darasani bila kuongeza walimu ni kumkopa mwalimu bila kumwuliza. Wananchi wanayo haki ya kuyasema hayo kwa adabu na bila woga, katika mikutano ya kijiji na mbele ya madiwani wao.

Kwa Kanisa: Tusimame kwanza mbele ya kioo. Mwalimu wa chekechea, katekista, mpishi wa parokia na mlinzi wa usiku, hawa ni wafanyakazi kabla hawajawa watu wa kujitolea. Na jumuiya iliyo na chama cha kuweka na kukopa inaweza kumwokoa mwalimu mikononi mwa mkopeshaji kuliko mahubiri yangu kumi.

6. Maswali ya kujadili katika jumuiya

a) Je, tunawafahamu kwa majina walimu wanaowafundisha watoto wetu? Ni lini mara ya mwisho tuliwatembelea bila kuwa na lalamiko?

b) Katika shule iliyo karibu nasi, yupo mtoto anayesimama nje ya dirisha? Kinachomzuia kuingia ni nini?

c) Nyumbani kwetu, nani anakagua daftari la mtoto? Kwa nini ni huyo peke yake?

d) Je, yupo mfanyakazi wa parokia au wa nyumba zetu ambaye hajalipwa ujira wake? Tutamlipa lini?

Ndugu wapendwa, swali hilo la mwisho naomba lisiahirishwe hadi mkutano ujao. Mkijadili mengine yote mkaliacha hilo, mtakuwa mmenisikiliza bure. Mungu awabariki ninyi na familia zenu, na awape nguvu walimu wote, wale walio katika chumba hiki, na wale ambao saa hii wako mezani wakisahihisha madaftari.

Tumsifu Yesu Kristo.