Mama Anayetaka Mtoto Awe wa Kwanza

Leo tunaacha kuhara na sindano kando, tuongee juu ya nia ya kupita wengine, inapozidi kipimo.

Nia yenyewe ni nzuri. Mama anayelima mpaka jioni ili alipe pesa ya masomo, bila nia angeacha zamani. Lakini angalieni vile inageuka. Kwanza anasema, "Mtoto wangu apande darasa." Halafu, "Awe wa kwanza." Kisha jirani anauliza pointi, na mama anaona ni yeye mwenyewe anayepimwa. Kuanzia hapo anakimbia haya tu, na mtu anayekimbia haya hachagui njia. Ndipo fimbo, ndipo kunyima mtoto chakula sababu ya hesabu, ndipo kumumwagia maji ya baridi usiku asisinzie juu ya daftari. Wengine wanauza mbuzi ili wanunue pointi. Kila mmoja anasema ni kwa upendo, na anaamini kweli. Ndiyo sababu ni vigumu kumuzuia.

Mwilini mwa mtoto, je? Woga unafanya moyo kupiga mbio, tumbo linakaza, usingizi unakatika. Asubuhi ya masomo kichwa kinauma, anatapika; siku ya Mungu hana kitu. Mwenye miaka 8 anaanza tena kukojoa kitandani. Na somo halishiki, kwa maana akili yote inaangalia fimbo. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala saa 9 mpaka 12 kila usiku. Ni katika usingizi ubongo unaweka yale aliyojifunza. Basi yale maji ya baridi yanafuta kazi ya mwalimu!

Mbele ya kukamata fimbo, umulete hapa. Tutaangalia macho: kuna watoto wanaoitwa wajinga, kumbe hawaoni ubao. Tutaangalia masikio, damu, minyoo na malaria.

Siku atakapoleta pointi mbaya, chakula kwanza. Kisha umuulize ni somo gani lilimushinda. Ukisikia mkono unatetemeka kwa hasira, toka inje, chota maji, rudi ukiwa umepoa. Kuna watoto ambao siku hiyo wanalala sokoni kuliko kuonyesha ile karatasi nyumbani. Na mtoto anayesema "heri nife", msimucheke, msimuache peke yake hata usiku mmoja. Mumulete hospitali siku ileile.