Nani Kiongozi wa Kiroho?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya ibada ya asubuhi)



Barua ya Katibu ilinitaka niseme juu ya uongozi wa kiroho katika Ukristo, ikaongeza kwamba nimechaguliwa kwa kuwa niliwahi kuwa mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi Wakristo hapa shuleni. Barua hiyo ilikaa mezani kwangu siku tatu bila kujibiwa. Sababu mtaisikia. Mimi si mchungaji wala padre. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni majalada. Wenzetu Waislamu waliomo humu ukumbini naomba wanivumilie, ingawa nadhani jambo lenyewe si geni kwao.

Ukiuliza kiongozi wa kiroho ni nani, wengi watakuonyesha mwenye joho na fimbo, au yule ambaye akisali watu hutokwa na machozi. Lakini nabii Ezekieli, katika sura ya 34, alipowakemea wachungaji wa Israeli hakusema kwamba walisali vibaya. Aliwakemea kwa kujishibisha wao, huku kondoo walioumia na waliopotea wakikosa mtu wa kuwaendea.

Nitachukua mfano wa jirani zetu Uganda. Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, wilaya ya Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1948 aliokoka katika ule uamsho uliosambaa Afrika Mashariki yote, akaenda kusomea uchungaji chuo cha Buwalasi. Baadaye akawa Katibu wa Kanisa la Uganda, yaani mtu wa mafaili kama mimi. Mwaka 1969 akawa Askofu, na mwaka 1974 Askofu Mkuu. Idi Amin alikuwa ametawala tangu Januari 1971, na watu walikuwa wakichukuliwa wasionekane tena.

Hapa naomba wadogo zangu msikilize vizuri. Luwum hakuanza kwa kupiga kelele. Alikuwa na desturi ya kwenda mwenyewe katika ofisi za wale askari wa usalama walioogopwa na kila mtu, kuuliza habari za waliokamatwa. Alikwenda hata kwa Amin. Kuna Wakristo waliomlaumu kwa hilo, wakaona yuko karibu mno na wakubwa. Nadhani lawama hiyo ilimwuma, maana mtu anayebisha hodi kwa mwenye nguvu kwa ajili ya mwingine hufanana kwa mbali na yule anayekwenda kujipendekeza. Tofauti yao ni jina analolitaja akishaingia ndani. Mwaka 1976 alikutana na Kardinali Emmanuel Nsubuga wa Wakatoliki pamoja na viongozi wa Waislamu, ili wazungumze juu ya maafa ya nchi yao. Amin alikasirika sana.

Usiku wa tarehe 5 Februari, 1977, watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake wakidai silaha. Walipekua, hawakupata kitu. Siku chache baadaye maaskofu waliandika barua kwa Amin wakilalamikia upekuzi huo na mauaji ya raia. Barua hiyo haikuwa na matusi. Ilikuwa barua ya watu wazima, iliyosema wazi yale yaliyokuwa yakinong'onwa nchi nzima.

Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, mbele ya askari wengi, wakashtakiwa kwamba wanapanga kuipindua serikali. Maaskofu wengine waliambiwa waende zao, Luwum alibakizwa. Askofu Festo Kivengere na wenzake walimngojea nje, wakafukuzwa. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Maiti yake ilipelekwa Mucwini ikazikwa huko, na watu wa kwao waliona matundu ya risasi. Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa, likabaki tupu, na Jumapili ile watu walijaa kanisani hata hivyo. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Niliisoma habari hii kwa mara ya kwanza nikiwa Chuo Kikuu, katika kitabu kidogo ambacho Kivengere alikitoa mwaka uleule wa 1977 akiwa uhamishoni. Niliisoma usiku mmoja, na kila nilipogeuza ukurasa nilimwona kijana mmoja wa Kidato cha Pili.

Ndugu zangu mliokuwa hapa mwaka 1999 mtakumbuka sukari ya bwaloni ilipotea, karibu nusu gunia. Kijana yule alikuwa akimsaidia mtunza stoo, kwa hiyo ufunguo ulipita mikononi mwake. Akafukuzwa shule. Mimi nilikuwa Kidato cha Tano, na ndiyo kwanza nimepewa uenyekiti. Nililala bweni moja na viranja walioichukua ile sukari. Nilijua. Si kujua tu: uji wangu wa usiku kwa wiki mbili ulikuwa mtamu, na sikuuliza utamu unatoka wapi.

Basi nilifanya nini, mimi kiongozi wa kiroho? Niliitisha maombi. Tulimwombea kijana yule kwa saa nzima, na nilisali vizuri kweli, kuna waliolia. Kutoka chumba tulichosalia hadi ofisi ya Mkuu wa Shule ni hatua kama sitini. Nimezipima leo asubuhi. Mkuu wa wakati ule alikuwa mtu mkali lakini wa haki, angenisikiliza. Ningepoteza marafiki watatu, na pengine ningechapwa kwa ajili ya ule uji. Hakuna ambaye angenipiga risasi.

Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, nimembebea sanduku lake. Nikamwambia tutaendelea kumwombea. Akanijibu kwa heshima zote, "Asante kaka. Lakini wewe ulijua." Akapanda basi.

Nimekuwa kazini zaidi ya miaka ishirini sasa. Huko serikalini tunayo dawa ya kila neno gumu: unaliandikia dokezo, unalipeleka kwa mwingine, nalo linazunguka hadi mwenye shida anachoka au anakufa. Naifahamu dawa hiyo kuliko wengi. Niliijifunza hapa, katika maombi yale.

Mwaka jana nilimtafuta. Ana karakana ya kutengeneza pikipiki katika mji ambao sitautaja, ana mke na watoto wanne, na hakumaliza shule. Nilimweleza kwamba nimealikwa kuzungumza, nikamwomba ruhusa ya kuyasema haya. Alinyamaza kwa muda, akafuta mikono yake kwa tambara, akasema, "Sema, kaka, ila jina langu liache. Mama yangu alikufa akiamini niliiba." Halafu akaniuliza kama rejesta za zamani bado zipo.

Zipo. Nilimwomba Mkuu wa Shule wa sasa ruhusa ya kuziona, naye akanikubalia kwa wema. Namshukuru mbele yenu. Mbele ya jina lile pameandikwa kwa wino mwekundu: "Amefukuzwa – wizi." Basi nimeandika barua ya kurasa mbili kueleza nililolijua na lini nililijua, na kuomba maneno hayo yasahihishwe kwa namna taratibu zitakavyoruhusu. Viranja wale watatu sikuwataja. Wawili wao wamo humu ukumbini, nao wana vinywa vyao. Barua nilimkabidhi Mkuu wa Shule leo asubuhi, kabla ya ibada. Nakala moja nitaipeleka karakanani Jumatatu.